Misitu ya familia: niliyojifunza nikitembea na wenye miti

Kazi yangu ni ubwana miti, na miaka yote hii sehemu kubwa ya kazi imekuwa ni kuitwa na watu wenye misitu yao binafsi, yaani mtu kaachiwa na baba yake, au kanunua baada ya kustaafu, au kaolewa kwenye ukoo wenye msitu, mume kafariki na sasa kila kitu kiko juu yake, anapiga simu anasema njoo uniangalizie huku sijui nianzie wapi. Hekta mbili, tano, ikizidi sana ishirini. Wengi wanadhani misitu ni ya serikali na makampuni tu lakini si kweli, Ufini zaidi ya nusu ya misitu ni ya watu binafsi, Uswidi inakaribia nusu, na Marekani ukijumlisha familia na watu binafsi wanashika eneo kubwa kuliko serikali ya shirikisho na kuliko makampuni. Kwa hiyo hali ya misitu mingi inaamuliwa sebuleni, na watu ambao hawajasomea miti, wana shughuli zao nyingine, na mara nyingi hawaelewani wao kwa wao. Hapo ndo kazi ilipo.

Nikifika sianzi na miti. Nauliza: mara ya mwisho ulifika lini mpaka wa kule nyuma kabisa? Wengi wanacheka. Wanajua mbele, wanajua njia ya kwenda kwenye maji, basi. Mi nasema twende huko huko nyuma leo, na mkifika mnakuta mambo, bikoni imefunikwa na majani hata haionekani, uzio wa jirani umehamia ndani hatua kadhaa (na jirani wala hana nia mbaya, na yeye kaurithi hivyo hivyo), kuna njia ya pikipiki hamkuijua, kuna watu wanakuja kumwaga takataka. Mpaka uwe umeeleweka kabla msumeno wowote haujawashwa, maana kukata miti ya jirani hata kwa bahati mbaya ni kesi na mti ukishalala hausimami tena. Na simu yenye ramani isikudanganye, chini ya majani mazito inaweza kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa mpakani ni miti mingi. Kama ramani ya upimaji ipo itafuteni, mkikwama mwiteni mpima ardhi. Mi ninachopenda ni kumwita jirani tutembee naye, tunapaka rangi miti ya mpakani huku kila mtu anaona, ni shughuli ya asubuhi tu na inaokoa ugomvi wa baadaye.

Halafu linakuja swali gumu, unataka nini na msitu huu? Najibiwa "si we ndo mtaalamu, tuambie". Hapana. Mtaalamu anaweza kukwambia msitu wako unaweza kukupa nini, hawezi kukwambia we unataka nini, na yule anayekubali kukuamulia mara nyingi atakuamulia mbao kwa sababu ndicho alichofundishwa kuhesabu. Siku hizi naligeuza, nauliza ukipigiwa simu usiku ukaambiwa msitu unaungua utalilia kitu gani kwanza? Mama mmoja mjane, wanawe wamesimama pembeni wameshapiga hesabu ya magogo kichwani, aliwashangaza wote akasema chemchemi. Ile ya bondeni, tangu aolewe hajawahi kuiona imekauka. Tukakaa chini tukapanga upya, kuzunguka chemchemi tukaacha ukanda ambao mashine haikanyagi kabisa, njia ya kutolea magogo ikapandishwa juu ya mwinuko, na mbao walizotaka vijana zikatoka upande wa pili. Walipata pungufu ya walichotegemea lakini sikusikia lawama, walikuwa wamemsikia mama yao kwa masikio yao wenyewe, kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Niseme tu hapa kwa wale wanaopenda kusema miti inaleta maji, miti yenyewe inakunywa maji na mingine inakunywa sana, kinacholinda chemchemi ni udongo wenye majani makavu juu yake ambao haujashindiliwa na matairi, mvua ikinyesha inazama badala ya kukimbia na matope.

Sasa tuje kwenye kupunguza miti, hapa ndo ninapogombana na watu.

Mzee mmoja alipanda miti yake kwa mkono, yeye na mkewe, mita mbili kwa mbili ambayo ni kama miti 2,500 kwa hekta, halafu hakugusa tena. Nilikuta imesongana, juu kabisa kumebaki vishada vidogo vya majani, chini giza, hata nyasi haioti. Nikamwambia mzee hii ipunguzwe akaniangalia kama nimemtukana. "Kijana, miti hii nimeilea mwenyewe, leo unaniambia niiue." Ukianza kubishana na mtu wa hivyo unapoteza siku yako na yake. Nikatoa kamba yangu, ina fundo kwenye mita 5.64, nikamwomba asimame katikati ashike mwanzo wa kamba mi nizunguke. Duara la kamba hiyo ni mita za mraba 100, kwa hiyo kila mti ulioingia ndani unawakilisha 100 kwenye hekta nzima. Akahesabu mwenyewe kwa sauti, akafika ishirini na mbili, na mitano kati yake ilikuwa imeshakufa imesimama tu. Nikamwambia unaona mzee, msitu umeshaanza kujipunguza wenyewe, tofauti ni kwamba unajipunguza bila kuchagua na bila wewe kupata hata kuni.

Bado hakuridhika. Kilichomgeuza ni visiki. Alikubali tukate miwili tu, mmoja mnene wa kama sentimita 28 na mwingine mwembamba wa 11, ilikuwa imesimama karibu karibu kabisa. Nikampa kisu akwangue visiki vilainike ili mapete yaonekane vizuri (kila pete ni mwaka mmoja wa kukua), tukapiga magoti tukahesabu, idadi ilikuwa ile ile kwenye vyote viwili. Ule mwembamba mapete yake ya mwanzo ni mapana kama ya mwenzake, halafu kuanzia kama la nane yanaanza kubanana, yanabanana mpaka mzee akatafuta miwani. Akaweka kidole pale yanapoanzia kubanana, akasema "hapa ndo tulitakiwa tuje na msumeno". Mi sikuongeza neno. (Angalizo, mahali ambapo hakuna msimu wa baridi wala kiangazi cha kueleweka mapete yanaweza kudanganya, hapo tegemea kumbukumbu za mwaka wa kupanda.)

Hili la umri linawaponza wengi. Watu wakiona mti mdogo wanajua ni mtoto, mkubwa wanajua ni mzee, kwa hiyo mnunuzi akija akisema nitachukua mikubwa tu, hii midogo nakuachia ikue, inasikika kama huruma. Kwenye msitu uliopandwa pamoja au uliochipua pamoja baada ya moto au ukataji, midogo ni rika moja na mikubwa, ilishindwa tu kugombania mwanga, na mingi hata ukiipa nafasi leo haitashika tena. Ukitoa bora ukaacha dhaifu, ukarudia tena baada ya miaka, unabaki na msitu wa masalia na mbegu zinazodondoka ni za masalia hayo hayo. Kipimo changu cha haraka ni kuangalia taji, yaani ile sehemu ya juu yenye matawi na majani, majani mabichi yasipungue theluthi ya urefu wa mti, wenye taji zuri na shina lililonyooka unaubakiza, ule unaousonga ndo unautoa. Msitu wa asili wenye miti mchanganyiko ni habari nyingine kabisa, kule kuna miti midogo ambayo kweli ni midogo, inavumilia kivuli miaka na miaka ikisubiri mmoja mkubwa uanguke, ukiifyeka umeua kizazi kijacho. Ndo maana siandiki ushauri kwa simu, lazima nitembee.

Kiasi cha kukata nacho watu wanakisia tu. Njia rahisi ni kuchagua miti michache, kuipa namba kwa rangi, unapima mzunguko wa shina kwa futikamba kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, unagawa kwa 3.14 unapata kipenyo, unaandika, na baada ya miaka unarudi kupima miti ile ile pale pale. Hapo unajua kinachoota na huchukui zaidi yake. Wazo lenyewe ni la zamani sana, Hans Carl von Carlowitz aliliandika mwaka 1713 na wala hakuwa mtu wa kupenda ndege na maua, alikuwa msimamizi wa migodi kule Saxony, Ujerumani, kaona kuni za kuyeyushia madini zinaelekea kwisha. Mahesabu tu hayo.

Kwenye kuuza nina maneno makali kidogo mnisamehe. Wanaopunjwa karibu wote niliowaona waliuza wakiwa na shida, ada, hospitali, deni, na mnunuzi anainusa shida yako kabla hujafungua mdomo. Mti mzima ukiwa umesimama hauozi, bei ikiwa mbaya mwaka huu unauacha unaendelea kunenepa, sasa bidhaa gani nyingine inakusubiri hivyo? Kwa hiyo pima miti yako na ujue una nini wakati huna shida yoyote, halafu itisha bei kwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Mkataba uwe wa maandishi hata kama mnunuzi ni shemeji yako, hasa kama ni shemeji yako. Uandikwe miti ipi, mwisho lini, magogo yatapita njia gani, pesa inaingia kabla magogo hayajaondoka au baada, nani anatengeneza njia ikiharibika, na kwamba udongo ukilowa kazi inasimama. Hilo la mwisho wanunuzi hawalipendi kabisa na mi silegezi hata kidogo, mashine nzito kwenye udongo mbichi inashindilia vibaya, tena madhara makubwa yanatokea kwenye safari zile chache za mwanzo, sio mpaka ipite wiki nzima, na udongo ulioshindiliwa unaweza kukaa miongo bila kurudi sawa. Afadhali njia moja iumie kuliko trekta lizunguke kila mahali.

Miti inayouzwa ipakwe rangi sehemu mbili, moja usawa wa macho ili mkataji aione, nyingine chini kabisa kwenye kitako cha shina, chini ya pale msumeno utakapopita. Mti ukiondoka ile ya chini inabaki kwenye kisiki. Familia moja walinipigia simu wana wasiwasi kwamba imekatwa mingi kuliko waliyouza, mnunuzi anasema mvua imeosha rangi. Tukapita kisiki kimoja kimoja, tunafagia majani kwa mguu, vingi rangi ya bluu ipo vizuri tu inang'aa, halafu katikati yake unakutana na kisiki cheupe peee, na cheupe chenyewe ni cha mti mnene kila mara, hakuna hata kimoja chembamba. Mvua gani hiyo inachagua miti minene? Walilipwa. Bila ule mpako wa chini ingekuwa neno lako na langu.

Kupogoa nitapita haraka. Usikate tawi ukasugua mpaka usawa wa shina ukidhani ni usafi, pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe, kola, kata nje yake tu. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua magogo mengi sana kwa urefu na kuonyesha kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi ya mtu, unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoharibika halafu unaendelea kuota nje yake, sasa ukikata hiyo kola unavunja ukuta wenyewe. Na usiache kisiki kirefu cha tawi nacho, kinaoza kuelekea ndani.

Kitu kingine kinachonichosha ni ugonjwa wa usafi. Watu wanataka msitu ufagiliwe, kila gogo lililolala litolewe, kila mti mkavu uangushwe, mpaka nauliza jamani hapa ni msitu au ukumbi. Mti mkavu uliosimama ndo nyumba ya vigogota, na mashimo wakiyahama wanaingia bundi na popo, na gogo linaloozea chini linashika unyevu na miche mingine inaota juu yake kabisa. Mi nawaambia waache machache kila hekta, wakate ile iliyo karibu na njia na nyumba tu. Ila siwezi kusema acha kila kitu kila mahali. Kama jirani na nyumba kuna hatari ya moto, matawi makavu ya chini na vichaka vinavyoupandisha moto mpaka kwenye majani ya juu vitolewe bila mjadala. Na baada ya dhoruba kwenye misitu ya spruce (miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano) mambo yanabadilika, magogo mabichi yaliyolala yanakuwa mazalio ya wadudu wa magome, wakishaongezeka wanahamia kwenye miti mizima. Uswidi Januari 2005 dhoruba waliyoiita Gudrun iliangusha takriban mita za ujazo milioni 75 kwa mara moja, sehemu kubwa ikiwa misitu ya familia za kusini, ilibidi wakimbizane kutoa magogo.

Na kwenye kuyatoa walikufa watu. Hili silipiti haraka. Miti iliyoangushwa na upepo imelaliana, mashina yamepinda yana nguvu ndani yake, unakata kidogo shina linafyatuka linakuja usoni, au kitako cha mti kilichong'oka na mizizi kinarudi kusimama ghafla na wewe uko nyuma yake. Mwenye msitu mdogo anakuwa na chenso aliyonunua jana, kavaa kaptura, yuko peke yake, Jumamosi. Suruali ya kukatia ina nyuzi ndefu ndani, mnyororo ukigusa zinachomoka zinajizungusha kwenye meno na mashine inakwama, ni suala la nukta tu lakini ndo mguu wako huo. Helmeti, kinga ya masikio, mtu wa pili anayekuona, na mti ukinasa kwenye mwenzake usipite chini yake wala usiukate ule ulionasia, uache, weka alama watu wasipite, mwite mwenye uzoefu na winchi. Nimewahi kufunga daftari nikaondoka kwa sababu mwenye msitu alitaka kunionyesha anavyopita chini ya mti ulionasa kuuchomoa kwa bega. Akanipigia jioni kuomba msamaha, tukaendelea wiki iliyofuata, mti umeshashushwa na fundi.

Mambo yote hayo yana dawa. Lisilo na dawa rahisi ni warithi. Miti inaishi kuliko mipango yetu, unayempa ushauri leo sio atakayevuna, na mara nyingi atakayevuna yuko mbali na hajawahi kuulizwa. Japani imefika mahali kuna ardhi nyingi, na misitu mingi ndani yake, ambayo mwenyewe hajulikani tena kwa sababu vizazi vilipita bila kubadili majina, mpaka kuanzia Aprili 2024 sheria inamlazimu mrithi kuandikisha ardhi ndani ya miaka mitatu tangu ajue kwamba amerithi, asipofanya bila sababu ya msingi anatozwa faini. Sasa mi kabla sijaandika mpango wowote naomba kikao na watoto, hata kwa simu ya video, na naomba mzee asiongee kwanza. Unasikia mambo ya ajabu. Yule binti ambaye wote walijua hana habari na msitu ndo anakumbuka kila mti, na kaka mkubwa aliyetegemewa kubeba kila kitu anasema jamani mimi sitaki, nimechoka kuogopa kusema.

Na asiyetaka asilazimishwe. Wanaobaki wapewe daftari moja, liwe na ramani ya mipaka, mwaka wa kupanda kila sehemu, ilipunguzwa lini na kiasi gani, ile miti yenye namba na vipimo vyake, mikataba ya mauzo, na ukurasa ambao mzee kaandika kwa mkono wake ni sehemu zipi asingependa ziguswe na kwa nini. Kinachonitia hofu ni ile haki sawa ya kugawa, hekta sita kwa watoto sita, kila mmoja anapewa kipande chembamba kutoka barabarani mpaka bondeni ili wote waguse maji, basi hapo hakuna kipande kinachotosha kumleta mnunuzi, trekta halina pa kugeukia, mmoja akiuza chake ameuza na njia ya wenzake. Bora umiliki ubaki mmoja na wagawane mapato kwa hisa zilizoandikwa, na kama hilo nalo halikubaliki, uuzwe mzima kwa mtu mmoja atakayeutunza, wagawane pesa.